Homa Yangu ya Nauli

Nimekaa na aibu hii tangu Pasaka na leo naitoa, chekeni mkitaka. Tata Wanjiru, shangazi yangu aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, alikuwa anafungua nyumba yake mpya huko Nanyuki, na mimi ndiye niliyepaswa kukata utepe (heshima hiyo hapewi mtu hivihivi). Basi nikaenda stendi hapa Nyeri kuulizia nauli, nikaambiwa ni sikukuu, imepanda mara mbili, nikapiga hesabu ya mimi, mke na watoto watatu, kwenda na kurudi, ubahili ukaniingia. Nikampigia simu kwa sauti ya kitandani.

"Tata, nimeshikwa na homa mbaya. Hata kusimama siwezi."

"Woi, kijana yangu! Wewe lala, usijisumbue."

Kesho yake nikapanda juu ya paa kugongelea mabati yaliyolegea, mzima kabisa, hata nilikuwa naimba, ndipo nikamsikia mke wangu akiita kwa sauti ya mtu aliyechoka nami, "Baba Kui, shuka. Umeletewa uji."

Kuangalia chini, ni Tata na kina mama sita wa kanisa lake, na thamosi, na nduma za kuchemsha, na ndizi. Walikuwa wameahirisha sherehe na kulipa nauli ileile ya sikukuu, watu saba, kuja kumwona mgonjwa asiyeweza kusimama!

Ningesema ukweli palepale, ila mama mmoja akanitangulia.

"Ameinuka! Si tulimwombea njia nzima kuanzia Naro Moru?"

Vigelegele vikapigwa, majirani wakajaa, nikashushwa nitoe ushuhuda, na mimi, nyundo ingali mkononi, nikautoa (ati nilihisi moto ukinitoka miguuni!). Nilidanganya mbele ya watoto wangu, na Kui, mkubwa wao, alikuwa akiniangalia tu bila kupepesa macho.

Tata hakupiga kigelegele. Wakati wa kuondoka alinivuta kando ya tangi la maji, akanitia noti kadhaa kiganjani na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Hii ni fare ya Krismasi, ya nyinyi wote. Kama uko na shida ya fare, niambie tu. Usigonjeke tena."

Nilitamani anitukane. Noti zile ziko kabatini hadi leo, kuzitumia siwezi, kuzirudisha siwezi. Lakini Tata akiniita tena nitaenda hata kwa miguu, na homa nitaingoja ije yenyewe.