Mikaratusi ya Mwenyekiti

Nilitumwa Iringa kwa sababu kijiji kimoja huko kilitaka kutunga sheria ndogo ya kufunga vinyungu vyote, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi. Kijito kilikuwa kinakauka. Mimi, mhitimu ninayejitolea katika ofisi ya maji Mbeya, ndiye niliyekwenda kukipima, na sasa nilitakiwa kuwasomea wanakijiji majibu.

Alfajiri, Mwanjelwa, Mbeya. Nilipanda basi nimekumbatia faili. Vipimo vilionyesha kuwa maji mengi yanapotea kabla hayajafika kwenye vinyungu, yakinywewa na mikaratusi iliyoizunguka chemchemi. Mikaratusi ile ni ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti ndiye angekuwa mwenyeji wangu.

Njiani, Igawa, abiria wenzangu walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mimi nilibaki na maswali. Nikila kwa mwenyekiti, si rushwa? Nisipokula, si dharau?

Mchana mwenyekiti alinipokea mtaa wa Mlandege, Iringa mjini, na pikipiki yake.

"Kamwene," akanisalimu Kihehe.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekonda? Mbeya hamli?"

Jioni, kwake, ukaletwa ugali na kuku. Nikanawa, nikakaa naviangalia. Mwisho nikasema, "Mzee, majibu ya kesho yanagusa miti yako."

"Kula, mwanangu. Kuku hana mti."

Nilikula ugali, kuku akanishinda.

Asubuhi kwenye mkutano nilisoma vipimo vyote. Mama Neema, anayesomesha watoto kwa mboga za kinyungu chake, akasimama.

"Kwa hiyo sisi hatuna kosa?"

Ningesema ndiyo, ningepigiwa vigelegele.

"Kwa kiangazi, mama, kosa si lenu. Masika sijapima."

"Sasa mtaalamu, unajua au hujui?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akainuka taratibu.

"Huyu jana kuku wangu alimshinda kwa mawazo. Mtu wa hivyo atatudanganyaje? Andikeni: mikaratusi ya chemchemini ikatwe, tuanze na yangu. Vinyungu vibaki mpaka apime tena masika."

Mikono ikanyooshwa. Mama Neema alinyoosha yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Wakati wa kurudi Mama Neema alinifungia viazi vya kuchemsha. Nilivimaliza kabla ya Igawa bila kujiuliza lolote. Nimejifunza kuwa "sijapima" nalo ni jibu, na linaweza kuingia kwenye sheria.

Ila mwenyekiti aliniaga hivi: "Maji yasipoongezeka, miti yangu utarudi kuipanda wewe."

Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.