Gia Kwanza, Injini Baadaye

Mke wangu ni fundi wa magari, mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nyumbani kwetu grisi iko upande mmoja na vitambaa upande mwingine, na watoto wanajua mkono upi usiguse nguo ya mteja. Nasema mapema ili mtu asije kuniuliza mimi ni mwanamume gani anayesimulia habari za injini za mkewe. Ninazisimulia kwa sababu chuki ile niliiona ikipikwa, na kuni nilichochea mimi.

Baba yake alikuwa na gereji. Mzee alipougua, kwa miaka sita aliyeiendesha ni mke wangu. Kaka yake mkubwa, ambaye sina budi kumwita shemeji, alikuwa akifika saa nne, anauliza chai iko wapi, anakunywa, anaondoka. Mzee alipofariki, siku ya tatu tu baada ya mazishi shemeji alibadilisha kufuli, na mama yao ndiye aliyemkabidhi hati. Mke wangu alipokwenda kuchukua spana zake, kaka mtu alimwonyesha pikapu kuukuu ya marehemu iliyozama kwenye majani nyuma ya gereji.

"Chukua hiyo," alimwambia mbele ya mafundi. "Fugia kuku."

Mafundi walicheka. Wawili kati yao ni mke wangu aliyewafundisha kushika spana.

Tuliivuta pikapu hadi uani kwetu. Mke wangu alinunua daftari, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: gia kwanza, injini baadaye. Wengi hukimbilia injini, kwa kuwa ndiyo yenye kelele na sifa. Yeye alinieleza kwa lugha yangu.

"Ukiweka injini kubwa juu ya gia boksi ndogo, ni kama wewe kushona turubai kwa uzi wa shela. Siku ya kwanza inapendeza. Siku ya kuvutwa, inaachia."

Akapanga. Injini ya petroli itolewe, iingie ya dizeli kutoka kwenye basi dogo lililopinduka. Lakini kabla ya hapo ipatikane gia boksi ya gari la mizigo, klachi pana zaidi, shafti ikatwe na kusawazishwa upya, na breki zibadilishwe zote, mbele na nyuma. Vipimo alichukua kwa utepe wangu wa kupimia wateja, hadi leo una alama nyeusi kwenye kiuno cha wanene.

Yote hayo yalilenga mahali pamoja, mlima wa machimbo ya mawe. Kazi ya kupandisha saruji na vifaa kule juu ndiyo iliyokuwa ikiilisha gereji ya shemeji, na mwenye machimbo alikuwa amechoshwa na magari yanayozimika njiani. Alitangaza kwamba atayajaribu magari yenye mzigo, na litakalopanda vizuri ndilo lenye kazi.

"Nikiichukua kazi ile, gereji inakufa njaa," mke wangu alisema. "Nitaikuta mlangoni inaniomba niingie."

Shemeji alisikia. Siku moja alasiri alikuja na chane ya ndizi na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona tangu nioe.

"Dada, naambiwa unafufua maiti."

"Karibu, kaka. Maiti imeanza kukohoa."

Daftari lilikuwa wazi mezani, gia boksi ukurasa wa kushoto, injini ukurasa wa kulia. Mke wangu alileta sinia ya chai akaitua juu ya ukurasa wa kushoto. Shemeji alisoma wa kulia wote, midomo ikimchezacheza kama mtoto anayekariri. Sinia hakuigusa. Alikunywa chai yake, akatuachia ndizi.

"Hukumwambia habari za gia," nikasema.

"Hakuuliza. Baba alipokuwa akifundisha gia, yeye alikuwa amelala."

"Na ikimkatikia njiani?"

"Si ndiyo ninachotaka?"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nilimwona shemeji amekwama katikati ya mlima, watu wanamwangalia, na moyo wangu ukaburudika.

Siku ya majaribio tulifika asubuhi. Kila gari lilipakiwa mifuko ishirini na mitano. Pikapu ya shemeji ilikuwa na injini mpya ya dizeli, ileile ya ukurasa wa kulia, inanguruma hadi mbwa wamehama. Na kwenye kiti cha abiria alikuwa amekaa mama mkwe, ndani ya gauni nililomshonea mimi.

Mke wangu alipomwona, alisimama mbele ya gari lile.

"Mama, shuka."

"Nishuke nina nini? Nimekuja kumwona mwanangu akipanda."

"Shuka, mama yangu. Gia boksi yake itakatika. Injini hii inataka gia boksi nzito, na ukurasa wenye habari hizo nilimficha makusudi."

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Mpango wa mwaka na nusu akaumwaga chini kwa pumzi moja. Shemeji akatoa kichwa dirishani.

"Mnaona? Ameshaanza kuogopa!"

"Wivu utakuua, binti yangu," mama akasema, akafunga kioo.

Wakaondoka. Mke wangu alishika usukani wa pikapu yetu, akaniambia, "Panda," tukawafuata karibu karibu. Kona ya kwanza walipita, ya pili wakapita. Katika kona ya tatu, penye mwinuko mkali kuliko pote, tulisikia kishindo kimoja kikavu, kisha injini yao ikapiga kelele za bure. Magurudumu hayakuitika tena. Breki zake zilikuwa zilezile za zamani, na juu ya changarawe gari likaanza kuteleza kinyumenyume kutujia.

Mke wangu hakurudi nyuma. Alisogea mpaka bampa yetu ikagusa yao, gia namba moja, mguu kwenye breki. Gari letu lilitetemeka, likapokea uzito wote, likakaa. Gia boksi yetu haikutoa hata mlio.

Niliruka, nikamtoa mama mkwe, nikaokota jiwe kubwa na kukimbilia gurudumu la shemeji.

"Bado," mke wangu akasema kutoka dirishani.

Nikasimama na jiwe langu mikononi.

"Kaka! Unanisikia?"

"Wekeni jiwe! Mguu unatetemeka!"

"Gereji."

"Chukua! Chukua yote!"

Wapakiaji wa saruji walikuwa wameshapanda mbio kutufikia, na mwenye machimbo nyuma yao anahema. Wote walisikia. Hapo ndipo nilipopaswa kuliweka jiwe. Nilimtazama mke wangu.

"Bado. Aseme mbele ya mama. Nani alikuwa fundi wa baba?"

Shemeji alikuwa analia. Sitadanganya, kwangu ilikuwa tamu. Nilikumbuka habari ya kuku, nikataka alie zaidi, na jiwe nikalishikilia.

Mama ndiye aliyeninyang'anya. Aliinama na miaka yake yote, akalisukuma chini ya gurudumu, akaligongomea kwa kisigino. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nilijua nimezaa mmoja mwenye roho hii," akasema. "Kumbe ni wawili."

Mke wangu alimfungulia mlango. "Mama, panda nikushushe."

Mama alivua viatu, akavishika mkononi, akateremka mlima ule kwa miguu.

Shemeji hakuweza kuruka ahadi, mashahidi walikuwa wengi. Gereji ni yetu, na saruji ya machimbo tunaipandisha sisi. Mke wangu anasema hajuti, nami mtu akiniuliza nasema hivyohivyo.

Jana mama mkwe alikuwa anakuja na kapu lake upande wetu wa barabara. Alipokaribia gereji akavuka upande wa pili. Mke wangu alikuwa chini ya gari, hakumwona. Sikumwambia, kwa sababu angetoka mbio kumwita, na mama asingegeuka.