Nguzo Imepita kwa Laptop

Leo nimeona engineer akipitisha nguzo akiwa amekaa ndani ya gari.

Mimi ni fundi wa welding. Landlord mmoja hapa Kawangware 56 aliniita niweke ngazi kwa stendi ya tanki ya maji. Tanki imejaa, na chini yake kuna vyumba vya wapangaji.

Kila nguzo ya stendi ni vyuma viwili vya C vimeangaliana vikawa kama boksi. Fundi wa kwanza alivishikisha na spot tatu tu za welding. Hapo katikati kidole changu kinapita!

Nikamfuata engineer aliyeitwa na landlord kuikagua. Alikuwa amepaki kwa kivuli cha tanki.

"Madam, ona," akanigeuzia laptop. "Section yote ni green, imepita."

Kwa laptop ni boksi moja safi, haina mwanya hata kidogo.

"Na umeiambia hivyo vyuma vimeshikwa na nini?"

"Software inachukulia vimeshikana."

Ai. Software imewahi fika huku?

Nikavua akala zangu za tairi, nikazilaza moja juu ya nyingine, nikampa. "Kunja." Zikakunjika, zikiteleza. Nikazifunga na binding wire toka mwanzo hadi mwisho. "Kunja tena." Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wapi!

Akafunga laptop. Akaangalia juu, mara ya kwanza tangu afike.

Halafu akawasha gari, akaitoa hapo chini mbio. Hakumwambia mtu kitu.

Mimi nimefungulia tanki imwagike. Landlord analilia maji.

Sasa niambieni, wapangaji nao wangewasha nini wakimbie?