Maharagwe Kumi ya Mgeni

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mwalimu wa kozi ya ustawi wa jamii hapa Tororo alikuwa jirani yangu. Wanafunzi wake aliwafundisha kutembelea nyumba za watu kwa mchezo. Kila mmoja aliingia uani kwangu na maharagwe kumi mkononi, na mimi nilijifanya mama mwenye shida. Akitoa daftari kabla sijamkaribisha kiti, namnyang'anya matano, maana siku hizo mtu wa kuuliza na kuandika tulimdhania mpelelezi. Akinishauri kabla sijamaliza kusema, mawili. Yakiisha, haruhusiwi kusema tena mpaka muda umalizike.

Kijana mmoja wa Paya alikuwa ameshindwa mara mbili. Akishindwa ya tatu, anarudi kwao kupalilia karanga. Moyo wake ulikuwa mzuri, ila mdomo haukuwa na breki.

Siku hiyo nilikuwa mama ambaye mtoto wake hataki shule.

"Mchape, mama!" alisema akiwa bado mlangoni.

"Mawili."

"Basi usimchape!"

"Mawili tena. Hata kukaa hujakaa, mwanangu."

Akakaa kabla sijamkaribisha, akatoa daftari: matano. Chai yangu haijapoa, amebakiwa na punje moja, nayo akaipoteza kwa kunifundisha kupika uji.

Robo saa ilibaki. Alitazama vidole vyake vya miguu, kimya. Kwanza nilicheka. Halafu, sijui ilikuwaje, nikaanza kumweleza habari za mume wangu, dereva wa lori, aliyekwenda Busia asubuhi moja asirudi. Yale niliyomweleza sikuwahi kumwambia mtu, hata mwalimu. Kijana alisogeza kiti karibu kidogo, basi.

Mwalimu alipokuja, aliniuliza kama amefaulu. Nilitaka kumsaidia, lakini uongo unanishinda.

"Maharagwe yote ninayo mimi," nikasema. "Ila nimemwambia jambo la kweli, la kwangu mwenyewe."

Mwalimu akamgeukia. "Amekwambia nini?"

Kijana alifungua mdomo. Nikashika leso yangu. Akaufunga, akatikisa kichwa.

"Nakuuliza mimi mwalimu wako. Sema, au kesho unarudi Paya."

"Basi narudi, mwalimu. Jambo hilo ni la mama."

Mwalimu akaandika jina lake upande wa waliofaulu.

"Jumatatu utaanza kazi Iyolwa."

Hapo kijana akaanza kutueleza atakavyofanya huko, nyumba kwa nyumba. Alikuwa bado anaeleza nilipoondoka kwenda kuosha vikombe.