Sweta Niliyoisema Kibuye

Mkinicheka nitanyamaza, maana nilijitakia mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa nilipita soko la Kibuye, ambako muuza mitumba mmoja alikuwa ameshusha bei amalize bale yake ya nguo. Nilivua sweta yangu, nikaiweka juu ya rundo ili nijaribu koti jekundu. Niliuliza bei mpaka nikachoka. Redio yake ya kaseti ilikuwa inapiga kelele, naye alikuwa anambembeleza mama mmoja wa Ahero aliyeinua sweta akiikagua.

Nikaona nimsaidie huyo mama kuamua, ili nami nihudumiwe.

"Mama, wacha hiyo," nikasema kwa sauti. "Imetoboka kwapani. Mwenyewe hakuwa na sabuni wala sindano."

Watu wakacheka. Yule mama akaitupa, akaniambia ero kamano, yaani asante, akaenda zake.

Muuzaji akazima redio. "Sasa umenifukuzia mteja." Akaiokota ile sweta, akaigeuza. "Lakini hii hata si ya bale yangu. Ni ya nani?"

Nguo ukiivaa huoni kwapa lake, lakini kile kifungo cha kijani nilikishona mwenyewe. Ningeikana, ila ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwake. Nikanyoosha mkono.