Mfenesi Uliokuwa Bado Unahema

Mama Randa alikuwa na sharti moja karakanani kwake: mti mbichi haugusani na mkavu kwenye gundi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu randa haikumtoka mkononi. Mteja akimharakisha, alimwonyesha mbao zilizoegemezwa ukutani na kumwambia, "Hizo bado zinahema. Zikitulia, njoo."

Nyumba ya wazazi wake ilipobomolewa, mfenesi alioupanda mama yake nao ukakatwa. Mdogo wake, aliyekuwa akifungasha kumfuata mumewe mbali, alimletea kipande cha gogo, cha njano, bado kinatoa utomvu.

"Dada, nitengenezee kitu cha kuweka mezani. Mama awemo, na baba awemo."

Cha baba kilikuwa bakora yake ya mpingo, iliyoning'inia juu ya meza ya kazi. Mama Randa aliitazama siku nzima, kisha akaipasua vipande vyembamba.

Maisha yake yote alitengeneza milango na vitanda, vitu vinavyojua kazi yake. Hiki hakikuwa na kazi. Alipanga weusi wa mpingo kando ya njano ya mfenesi, akaongeza mabaki ya mninga na msaji, akachonga mikunjo, akageuza, akageuza tena. Chakula kilimpolea.

Mchomelea vyuma wa jirani alichungulia. "Mama Randa, ndiyo nini hicho? Ngamia kajikunja?"

"Hebu zunguka huku."

"Loo! Sasa sikio."

"Zunguka tena."

"Mbona kama mtu ameinama anaokota kitu?"

"Hata mimi nataka kujua anaokota nini."

Vipande vilikuwa vimefungwa kwa kamba tu. Mdogo wake alipokuja, akauliza gundi itapakwa lini.

"Mfenesi ukikauka. Miezi kadhaa."

"Naondoka Jumamosi, dada! Wewe na masharti yako. Mama mwenyewe hakuwa mkali hivi."

Maneno yalimchoma. Lakini tusimsingizie mdogo mtu. Mama Randa mwenyewe alikuwa anawashwa na hamu ya kukiona kile kitu kimesimama bila kamba. Alijua kitakachotokea, akapaka gundi. Ijumaa kikasimama, kikang'aa, na wote wawili wakakizunguka wakicheka kama watoto.

Msimu wa joto ulipopamba moto, simu ikalia.

"Dada, kimelia ta! mezani, nikadhani glasi imepasuka."

Mfenesi ulipokauka ulijipinda. Mpingo haujui kupinda, ulikatika.

"Vipande umeviokota?"

"Vyote. Utaviunga?"

"Vingine vitaungika. Vya bakora ndiyo basi tena."

Sharti lake alilivunja mara hiyo moja. Kulivunja kulimgharimu kilichobaki cha bakora ya baba yake, kitu pekee alichomwachia.