Nguo Nyeusi ya Mama Victorine

Enzi za Zaire, Papa Lambert alihifadhi maiti za kufundishia katika shule ya wauguzi, Kalemie. Théophile, karani wa bandari, alipofariki akiwa bado kijana, mwili wake aliuachia shule. Lambert akautia formalini kwa ustadi, na uso akakataza usikatwe. Walimu wakamsifu mpaka akavimba kichwa. Kila mwaka walimwomba autunze mwaka mmoja zaidi, naye akakubali. Hakufikiria kabisa kwamba kwa kina Victorine, mjane wa marehemu, nguo nyeusi haivuliwi kabla maiti haijaingia udongoni.

Hatimaye siku ya kuzika ikafika. Lambert akafunua uso. Victorine, kichwa kimejaa mvi, akautazama kwa muda mrefu.

“Ulimutunza vizuri, Papa Lambert. Watu watasema nazika mutoto wangu.”